Aliyejitoa Kwenye Orodha

Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa, foleni ambayo ukigeuka tu umeshamkanyaga mtu. Fundi cherehani alikuwa kwenye gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, mkono mmoja mpana kuliko mwingine.

“Huo mkono umevimba, dada,” alisema kijana wa nyuma yake, mwenye sare ya kijani.

“Wewe daktari, au unatafuta namba?”

“Muuguzi wa chumba cha kutibu mishipa. Hilo la pili sikatai.”

Namba akaipata, na mapenzi yakakolea. Lakini mkono ulizidi kuvimba, sasa na uso. Figo za fundi zilishagoma, alikuwa akisafishwa damu kwa mashine, na mipira ya mashine hiyo aliyowekewa zamani ilikuwa imeuziba mshipa mkubwa wa kifuani. Daktari akampa njia mbili. Ya kwanza, wapitishe waya na puto kutokea pajani, wautanue mshipa. Kesho yake yuko nyumbani, ila unaweza kuziba tena. Ya pili, wampasue, waunge njia mpya ya damu. Hudumu zaidi, lakini ni kazi nzito.

“Wewe ungechagua ipi, mpenzi?” fundi alimuuliza muuguzi.

“Msikilize daktari.”

Basi! Mtu anayeshika waya hizo kila siku hana la kusema? Fundi akaanza kumchunguza. Simu kijana akapokelea nje, macho akakwepesha. Ijumaa, sista wa mapokezi akaropoka: “Kwani hujui? Jamaa yako kajitoa kwenye orodha ya watakaokuhudumia.”

Akampigia papo hapo. “Umejitoa?”

“Nani kakwambia?”

“Kwa hiyo ni kweli. Umeuona uso wangu ukanikinai.”

Akakata. Roho ikamuuma, akaapa: bora kisu, kuliko kulala kwenye chumba cha yule mwongo. Jumatatu akaenda kwa daktari kusaini upasuaji.

“Una hakika? Kwa hali yako mimi ningeanza na puto,” daktari alisema. “Au mchumba wako ndiye aliyekushauri?”

“Mchumba gani?”

Daktari akamgeuzia karatasi ya kujitoa. Kazini kwao ndugu hamhudumii ndugu. Muuguzi alikuwa ameandika sababu kwa mkono wake: mgonjwa ni mchumba wangu.

Akaitwa. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

“Nani alinichumbia?” fundi aliuliza.

“Niliandika kabla ya kukuuliza, nikaona aibu. Na ushauri niliogopa. Ningesema puto, mshipa ukaziba tena, ungesema nilikuvutia upande wa kazi yangu. Nakupenda, nashindwa hata kufikiri sawasawa. Nakuuliza sasa. Utanikubali?”

“Na ukiziba tena?”

“Tutarudi, hata mara kumi.”

Fundi akachukua fomu ya puto, akasaini. Kwenye nafasi ya ndugu wa karibu akaandika jina la muuguzi. Kwenye uhusiano, mchumba. Akamsogezea asome.

“Haya, kaa nje uningoje,” alimwambia.