Tundu la Tano

Jambo la kwanza lililokuwa na walakini ni harufu. Bastola iliyolala mwaka mzima ndani ya kabati la kioo haina haki ya kunuka baruti mbichi.

Verna Stidham, mpishi wa shule mwenye miaka sitini na mbili, aliinusa, akamtazama mwenye duka. "Royce, hii imepigwa lini mara ya mwisho?"

"Kabla sijaota ndevu," alijibu Royce Tackett. "Mafuta hayo unayonusa."

Verna hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Baba yake, mchimba makaa, alimfundisha kukagua rivolva kuukuu akiwa bado na meno ya utoto. Alifungua silinda, lile gurudumu la kukalia risasi, akahakikisha mara mbili kwamba matundu yote matano ni matupu. Akaweka ukucha wa kidole gumba nyuma ya mtutu ule mfupi ili mwanga urudi ndani, akaona mifereji inayozungusha risasi, mikali kana kwamba imechongwa jana. Akaitikisa silinda, haikucheza. Kisha akaomba ruhusa, maana huvuti nyundo ya silaha ya mtu bila kuomba, akaivuta polepole huku akiizuia silinda kwa kidole, aone kama kila tundu linajifunga mahali pake.

Yote matano yalijifunga vizuri. Lakini usoni mwa silinda matundu manne yalikuwa safi, na la tano lilikuwa na duara jeusi la masizi. Silaha ya miaka hamsini ilikuwa imepigwa mara moja tu. Na zamu ya tundu hilo ilipofika, nyundo ilirudi nyuma kwa wepesi, mtu angedhani kuna mwingine anayeivuta pamoja naye.

"Ilikuwa ya nani?"

Royce akacheka. "Bi Verna nawe. Kagua chuma, usimkague mwenyewe. Si baba yako aliyekuwa akisema hivyo, hapo hapo uliposimama?"

Ni kweli, alikuwa akisema. Katika milima ile wajane huleta bunduki za marehemu zimeviringishwa kwenye taulo, na kuuliza zaidi ni umbea. Nimeishi na watu wa huko miaka mingi na adabu hiyo bado inanichefua. Hata mtoto wa mbwa, mtu huuliza mama yake ni yupi.

Verna alijaza fomu, akalipa dola mia mbili na sitini. Alikuwa na haraka. Nyumbani alikuwako binti yake Kendra, mkono umefungwa plasta, umevunjwa na mumewe Dwight. Kila siku Dwight alipiga simu akilia: "Nisamehe, mpenzi. Sitarudia tena." Kendra alikwisha kumsamehe mara mbili. Verna aliogopa ngumi za Dwight, ndiyo, lakini aliogopa zaidi huo msamaha wa tatu.

Aliiweka bastola kwenye droo ya jikoni, ina risasi zote tano, mdomo wa mtutu ukielekea ukutani. Kesho yake aliporudi kutoka kazini alikuta droo wazi. Mtutu ulikuwa umegeuka, unakitazama kiti ambacho Kendra hukalia akinywa kahawa, na tundu lenye masizi lilikuwa chini ya nyundo.

"Umeigusa?"

"Kwa mkono gani, mama?"

Akaigeuza. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu alitoa risasi zote, akazificha kwenye kopo la unga, akaifunga droo kwa kamba. Aliporudi kamba ilikuwa sakafuni, imefunguliwa fundo kwa fundo.

Jumamosi adhuhuri, jua limejaa dirishani, Verna alikuwa akitoa biskuti kwenye oveni, zile laini za kulia na mchuzi mzito. Zilinuka baruti. Aligeuka amwambie Kendra, akamkuta amekauka kitini.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu kwenye droo."

"Nyamaza."

"Huongea ukiwa kazini. Mwanzoni nilidhani ni Dwight, nimesahau kukata simu."

Wakasikiliza wote wawili, na kutoka kwenye ile droo, iliyokuwa ikifunguka yenyewe taratibu kama inayovutwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, ikaja sauti ya mwanamume, nzito, yenye machozi, ikisema nisamehe, mpenzi, sitarudia tena, ikarudia, ikabembeleza, ikawa tamu kiasi kwamba Kendra akaanza kuinuka kitini bila kujua anainuka, na ilipomaliza kubembeleza ukafuata mlio mdogo wa nyundo ikivutwa nyuma: tik, tik.

Verna aliinyakua bastola, akaendesha gari hadi dukani kwa hasira, si kwa hofu tena.

"Wangapi wameirudisha?"

Royce alikuwa ameshachukua kikaratasi cha bei. "Watatu. Iache hapo, nakurudishia mia mbili, uchague nyingine."

"Walisema kwa nini?"

"Sikuwauliza."

"Ilikuwa ya nani, Royce?"

Royce akaangalia viatu vyake. "Jamaa mmoja wa huko mtoni. Mkewe alimsamehe, akarudi nyumbani. Mume akampiga risasi jikoni siku hiyohiyo."

"Na wewe ukaipangusa, ukaibandika bei. Mara nne."

"Chuma ni chuma, Bi Verna."

"Chuma angalau kinaongea. Wewe mwenzangu umenyamaza miaka yote."

Dola zile mia mbili alizihitaji, maana hakuwa na pesa ya silaha nyingine. Lakini kuiacha pale ni kuituma jikoni kwa mtu mwingine. Akaondoka nayo, akawalaani moyoni Royce, wale watatu, na hata baba yake.

Binamu yake Hobart, fundi wa kuchomelea mabomba ya magari, aliigeuzageuza. "Nzima kabisa hii. Una wazimu?"

"Kata."

Mtutu ukakatika, na matundu manne. Moto ulipogusa la tano, chuma kikatoa pumzi ndefu ya mtu, na moto ukazimika. Hobart aliuwasha tena, akamaliza, akavididimiza vipande kwenye ndoo ya saruji mbichi.

Saa kumi na moja jioni gari la Dwight likasimama nje. Verna hakuwa na kitu ila kikaango cha chuma. Hodi ikapigwa, na kabla hajaufikia mlango, Kendra alikuwa tayari ameshika mnyororo kwa mkono wake mzima.

"Usifungue, mwanangu."

"Nisamehe, mpenzi," Dwight akasema nje, akilia. "Sitarudia tena."

Kendra hakufungua. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa jikoni, anasubiri. Droo ilikuwa wazi, tupu, haina kitu ila mishumaa ya keki na kizibuo.

Ndani yake, taratibu: tik, tik.

Kendra akasukuma komeo la pili.

"Nenda, Dwight," akasema. "Mwenzako naye alisema hivyohivyo."