Pumzi ya Yohana

"Hivi, Mwalimu Kasiani, tarumbeta litaliaje kama fidla?" Jirani yake pale Kilosa, Mama Joha, alipata kumuuliza hivyo, na Kasiani alicheka tu. Mwaka mzima alikuwa akipanga upya muziki wa mchezo wa jukwaani wa Wajerumani wa zamani, ulioandikwa kwa fidla, ili upigwe na bendi ya kanisa isiyo na fidla hata moja. Sehemu ya fidla alimpa Yohana, mpiga klarineti.

Jumatatu asubuhi, Juni 1969, sanduku la nota za muziki huo lilikutwa tupu. Kufuli halikuvunjwa.

"Ufunguo anao nani?" aliuliza Sajini Mwinshehe wa polisi.

"Mimi na Yohana," alijibu Kasiani.

"Mmegombana?"

"Alisema kifua chake hakiwezi. Nikampa pengo katikati ya wimbo avute hewa, na ngoma kubwa inapiga mara moja kulifunika. Msikilizaji hajui kitu, Afande!" Hata kwenye msiba huo Kasiani alijivuna kidogo.

Wazee wa kanisa walikwishaamua: nota zisipoonekana kabla ya Jumapili, Yohana atoke kwenye bendi.

"Niibe nikapigie wapi?" Yohana alisema, akikohoa. "Nani mwingine ataupokea wimbo huu wa mgonjwa?"

"Wageni je?" aliuliza Sajini.

"Wenceslaus wa Mikumi tu," alisema Kasiani. "Mwanafunzi wangu wa zamani. Jumamosi alikuja kuomba ulimi wa klarineti, kile kibanzi cha kupulizia. Nilimwacha ndani penye sanduku, ufunguo mezani, nikaenda kumwandalia chai."

Ijumaa wote watatu walishuka Mikumi. Bendi ya huko, ya Wenceslaus, ilikuwa kwenye mazoezi, na wimbo ulikuwa uleule.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Wenceslaus.

"Marahaba. Umeupata wapi?"

"Nimeupanga mwenyewe, kutoka kitabu cha Wajerumani. Kwani kitabu ni chako peke yako?"

Vijana wakacheka.

"Pigeni tena," alisema Mwinshehe.

Klarineti aliipiga Urbanus, golikipa wa timu ya huko, kifua kama pipa. Katikati akakatiza ghafla. Ngoma kubwa ikalia: du! Akaendelea.

"Ulichoka, kijana?"

"Mimi? Naweza kwenda mpaka mwisho, Afande. Ndivyo ilivyoandikwa."

Kasiani akafungua kitabu cha Wajerumani alichokuja nacho. Hapo nota zilifuatana bila kukatika.

"Fidla haina mapafu," alisema. "Pengo hilo ni la Yohana. Nililipima kwa kikohozi chake."

Wenceslaus aliinamisha kichwa. "Bendi bora itapelekwa Morogoro kwenye sherehe za Saba Saba. Kila ninapokwenda naitwa mwanafunzi wa Kasiani. Nilitaka mara moja niitwe Wenceslaus."

"Na Yohana afukuzwe kwa ajili yako?" aliuliza Sajini.

"Ungeniomba, ningekupangia wimbo wa kifua cha Urbanus," alisema Kasiani. "Yohana, piga."

Yohana akapiga, amesimama wima. Pumzi ilipomwishia, mpiga ngoma wa Mikumi aliipiga ngoma kwa wakati wake, na wimbo ukapita mzima. Urbanus ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Wenceslaus akatoa nota mkobani, akazilaza juu ya kiti, akamtangulia Sajini mlangoni kuelekea kituo cha polisi.