Vitambaa vya Mtaroni

Kila mvua kubwa iliponyesha, Bibi alipandishwa mezani.

Hakuna aliyelipenda jambo hilo, lakini wangefanyaje? Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea. Humo mlikuwa na cherehani, pasi, na meza kubwa ya kukatia nguo. Chumba cha nyuma kilikuwa chini kwa ngazi moja, na huko ndiko alikolala Bibi. Tangu avunjike nyonga, hakuweza kutembea bila kushikwa. Maji ya barabarani yalipita chumba cha mbele bila kubisha hodi, yakashuka ngazi, yakatulia chini ya kitanda chake.

Mke wa mwanawe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Mawingu yakiwa mazito tu, alikunja vitambaa haraka na kumwita binti yake. Mmoja alishika mabegani, mwingine miguuni. Bibi akalazwa juu ya meza, kati ya mkasi na tepu ya kupimia.

"Angalieni mnapoweka huo mkasi," Bibi alisema. "Mimi si kitambaa cha mteja."

Mama Fundi hakucheka. Msimu wa mvua uliopita maji yalifika kwenye godoro, na Bibi alikohoa mwezi mzima. Mume wa Mama Fundi alikuwa dereva wa lori. Aliporudi safari na kumkuta mama yake katika hali ile, hakuwa na maneno mengi.

"Maji yakiingia tena, mama nampeleka kwa kaka."

Kwa kaka yake kulikuwa mbali, safari ya siku mbili. Bibi hakutaka kwenda. Mama Fundi naye hakutaka aende. Walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na minane, na ni Bibi aliyemfundisha kushika mkasi. Lakini mume alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku moja binti alirudi kutoka shule na karatasi mkononi. Kwa kupenda kwake kuuliza, nyumbani walimwita Maswali.

"Mama, kuna mashindano ya shule. Kila timu ina wanafunzi wanne. Mnachagua tatizo moja la mtaani linalotokana na mabadiliko ya tabianchi, mnatafuta njia ya kukabiliana nalo."

"Mabadiliko ya nini?"

"Hali ya hewa inabadilika, Mama. Mwalimu anasema hapa kwetu, zamani, mvua ilikuwa inanyesha taratibu siku nzima. Siku hizi mvua ya siku nzima inamwagika kwa saa moja. Timu yetu imechagua mtaro huu wa mbele."

"Mtaro hauna shida. Shida ni wale wa kule juu. Wanatupa takataka zao, zinatushukia sisi. Andikeni hivyo, mtashinda."

Mama Fundi alikuwa amesema maneno hayo kwa miaka, na mafundi wote wa mtaa ule waliyakubali. Walikuwa mafundi saba, mlango kwa mlango.

Jumamosi timu ilikuja na mabuti, glavu na makoleo, pamoja na mwalimu wao wa sayansi. Mama Fundi aliwapa maji ya kunywa, kisha akaenda sokoni kununua nyuzi na vifungo. Hakukawia sana. Aliporudi, alisimama katikati ya njia, mfuko ukamponyoka.

Kamba ndefu ilikuwa imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Juu yake vilining'inia vipande vya nguo, mamia kwa mamia, vimeoshwa, vinachuruzika maji.

Fundi anakijua kitambaa chake kama anavyoijua sauti ya mtoto wake. Pale kulikuwa na kijani cha sare za shule, na zambarau ya harusi ya jirani. Kulikuwa na bluu yenye maua ya njano, ya nguo za kwaya alizoshona miaka mitatu iliyopita. Maua yalikuwa bado yanang'aa.

Kila jioni, mafundi wa mtaa ule walifagia vyumba vyao kuelekea mlangoni. Ufagio wa mwisho ulisukuma mabaki nje, yakaingia mtaroni. Hakuna aliyeona ubaya. Nguo ni kitu laini, maji yatachukua.

"Vitambaa vingi vya siku hizi vina nailoni ndani yake," mwalimu alieleza. "Havikuoza humo. Vilijisokota pamoja na matope, vikaziba tundu pale mtaro unapopita chini ya barabara. Chupa za kutoka juu tumezikuta, lakini chache. Mvua ya zamani ilijipenyeza. Ya sasa inakuja kwa nguvu, haina pa kupita, inaingia ndani."

Mama Fundi alimvuta binti yake kando.

"Toa vile vyangu."

"Mama, vikitoka vyako, kamba itabaki nusu."

"Unataka kuniaibisha mbele za watu?"

"Sitaki." Macho ya Maswali yalijaa machozi. "Lakini majaji watauliza tulikuta nini. Tukidanganya, tutatengeneza kisichoharibiwa na kitu. Na mvua itakuja tu. Bibi atachukuliwa."

Mama Fundi aliingia ndani, akakaa kwenye cherehani, akakanyaga bila kuweka nguo. Uso ulimwaka kwa aibu. Kutoka chumba cha nyuma Bibi alimwita.

"Nimesikia yote, madirisha hayana siri. Ile tabia ya kufagia nje umeitoa wapi?"

Mama Fundi aliacha kukanyaga.

"Kwangu. Nilikufundisha mkasi, nikakufundisha na hiyo. Kwa hiyo aibu tugawane, mwanangu. Lakini mimi kwa yule mwanangu mwingine siendi. Mkewe hapiki, anachemsha."

Hapo Mama Fundi alicheka, na baada ya kucheka alitoka nje.

"Mwalimu," alisema, "sasa tufanye nini?"

Mwalimu aliwaambia wanafunzi wajibu wenyewe. Walieleza kwa zamu, wakikatizana. Kila fundi aweke gunia chini ya meza yake, na mabaki yote yaingie humo. Mabaki hayo yakikatwakatwa yanajaza mito ya kulalia na magodoro. Mdomo wa tundu uwekewe wavu wa chuma, na kila wiki mlango mmoja uwe na zamu ya kuusafisha. Mtaro wote uzibuliwe kabla ya msimu wa mvua, si baada ya mafuriko. Kisha Maswali alichora mstari mwekundu kwenye ukuta wa mtaro. Maji yakiufikia, kila mtu ajue kuna mahali pameziba.

Fundi wa nguo za kiume, waliyemwita Bwana Suti, alisimama mlangoni kwake amekunja mikono.

"Mimi nashona suti," alisema. "Mabaki yangu ni ya heshima, hayaendi mtaroni."

"Heshima yako ile pale," Mama Fundi alimwonyesha kwenye kamba. "Ya kijivu, yenye mistari."

Bwana Suti alitazama kwa muda, akaenda kutafuta gunia.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Timu ilieleza kazi yake vizuri, kamba ya vitambaa ikiwa nyuma yao. Jaji mmoja, mhandisi wa maji, aliuliza swali moja tu.

"Nyinyi mtamaliza shule mwondoke. Nani atausafisha mtaro huu?"

Mama Fundi aliinuka kutoka kiti cha nyuma.

"Mimi na wenzangu. Zamu zimeshaanza, wiki ya tatu sasa. Na vile vya bluu vyenye maua ni vyangu. Niliwasingizia wengine miaka yote."

Jaji aliandika kitu. Timu ilipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa shule iliyovuna maji ya mvua kutoka paani. Bwana Suti alisema majaji hawakujua nguo.

Mvua yenyewe ilikuja alasiri moja, nzito, ikapiga bati mpaka watu wakaacha kuongea. Mama Fundi alikunja vitambaa, akafuta chaki mezani, akakimbilia chumba cha nyuma. Akaingiza mikono chini ya mabega ya Bibi.

"Unanipeleka wapi?"

"Mezani."

"Kwani kuna maji?"

Mama Fundi alitazama chini. Sakafu ilikuwa kavu. Alitazama ngazi, nayo kavu. Maswali aliingia mbio, ameloa chapachapa, anahema.

"Yanapita, Mama. Yako chini ya mstari, vidole viwili."

Mama Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, akalia na kucheka kwa pamoja. Simu ililia. Alikuwa mumewe, kutoka safarini.

"Nasikia huko mvua ni kubwa. Mama yuko wapi?"

"Kitandani kwake. Chini pakavu."

Mume alishusha pumzi ndefu.

"Basi mwache hapo hapo."

Bibi aliuvuta mto wake mpya, uliojazwa mabaki, akauweka sawa mgongoni.

"Umesikia," alisema. "Mimi nipo. Nenda ukakate nguo za watu, meza haina mtu."