Uji wa Guleid

Kila asubuhi kabla ya shule, Siham alimlisha uji mdogo wake, Guleid, mtoto wa miaka miwili. Mama yao huondoka alfajiri kupokea maziwa ya ngamia anayoyauza katika soko la Isiolo, naye humwachia Siham simu yake ya zamani. Guleid hakufungua kinywa mpaka aone katuni za vyakula: nyanya mwenye miguu, karoti anayecheza ngoma, chapati anayejificha chini ya sahani.

Siham alikuwa amezichoka katuni hizo. Akaanza kujiwekea filamu za viumbe wa porini. Alimwona samaki anayebeba watoto wake kinywani, asile chochote hadi wapate nguvu. Alimwona hondohondo dume, ndege mwenye mdomo mkubwa, akimlisha jike aliyejifungia katika shimo la mti. Asubuhi baada ya asubuhi alitazama mpaka uji ukapoa, kisha akampa mbuzi wao. Mama aliporudi, miguu imevimba, na kuuliza kama mtoto alikula, Siham alijibu kwamba alimaliza.

Siku ya kliniki ilipofika, uzito wa Guleid ulikuwa umeshuka. Jioni hiyo Mama aliketi mlangoni bila hata kuvua buibui. Alisema mji umemkataa mtoto. Ijumaa angempeleka kwa mjomba wake malishoni, akalelewe karibu na ngamia. Akaanza kukunja nguo za Guleid, polepole.

Jirani yao Kabale, aliyekuja kuazima jiko, alitikisa kichwa. "Ajabu. Katika nyumba hii anayenenepa ni mbuzi tu."

Siham alishindwa kuvumilia, akamgeukia mama yake. "Hooyo, usimpeleke. Mji haujamkataa. Uji wake nilimpa mbuzi. Nilikuwa natazama simu."

Mama hakuwa na nguvu za kugomba. Aliuliza tu ni kitu gani kilichokuwa kizuri kiasi hicho. Siham akamweleza, machozi yakimlenga, habari za yule samaki na yule ndege.

"Huyo hondohondo akichoka hufanya nini?"

"Hawakusema kama huchoka, Hooyo. Hurudi tu na tunda jingine."

Mama alirudisha nguo za Guleid mahali pake, akazima simu, akaweka sakafuni sinia moja la wali la wote. Guleid alimtafuta yule nyanya wa katuni mwenye miguu, akalia kidogo, kisha akachota wali uliokuwa mbele ya dada yake.

"Kuchoka si kosa," Mama alisema. "Mimi pia nachoka. Ukichoka, niambie, nimwombe Kabale akusaidie. Lakini ukisema mtoto ameshiba naye ana njaa, unanifumba macho, nami nitatibu ugonjwa usiokuwepo."

Nje, mbuzi alilia akidai uji wake. Hakuna aliyeinuka.