Aliyesingiziwa Kijitoni

Maji ya mtungini yalianza kunuka tope siku ya Jumapili, Apolonia aliporudi kanisani. Alikuwa ameyachota mwenyewe bombani asubuhi ile, meupe kabisa, na mtungi ameusugua kwa majivu. Akayamwaga, akachota mengine. Kabla wali haujaiva, nayo yakanuka vilevile, harufu ya udongo wa kina, ule ambao haujawahi kuona jua. Alipomwita mumewe aje anuse, Gozbert alisimama mlangoni pa jiko asisogee. Alisema labda mabomba ya Temeke yameoza. Lakini harufu ile aliijua.

Gozbert alikuwa fundi wa vipimo vya maji. Mwaka ule wa 1975 alitumwa Chamazi, ambako watu waliohamishiwa kijiji cha ujamaa walitaka lambo dogo la kumwagilia bustani yao ya pamoja wakati wa kiangazi. Kazi yake ilikuwa kukikagua kijito: kinapitisha maji kiasi gani, kingo zake zinakaribiana wapi, na udongo wa chini unashika maji au unayanywa. Kwa hilo la mwisho ilibidi kuchimba shimo refu kuliko mtu. Vibarua aliotoka nao mjini walilichimba pale kijito kinapobana, karibu na njia ya wanawake wachotao maji. Juu walikuta mfinyanzi mzuri, chini yake mchanga mtupu. Mahali hapakufaa.

Shimo la namna hiyo hufukiwa palepale. Lakini wingu lilikuwa limetanda, dereva anapiga honi, na Gozbert alikuwa na hamu ya nyumbani. Akatupia matawi juu, akaondoka bila hata kumwambia mwenyekiti wa kijiji.

Mvua ikanyesha, kijito kikafurika, shimo likafichika chini ya maji ya matope. Kulipokucha, Adelina, mke wa mchonga vinyago aitwaye Kornelio, alikwenda kuchota maji asirudi. Mwili wake ulikutwa chini zaidi, umenasa kwenye mizizi. Watu walishangaa, maana kijito kile hata kikijaa hakipiti magoti.

Gozbert aliporudi kumaliza kazi, mwenyekiti, mzee Polikarpo, alimsimulia yote. Akaomba aende kijitoni peke yake. Maji yalikuwa yameshapungua, na tangu msiba hakuna aliyethubutu kufika pale. Mle shimoni aliona debe, na kanga imejisokota kwenye mpini wake. Alifukia mbiombio mpaka viganja vikachubuka. Alipoulizwa mahali pale amepaonaje, alijibu kwa sauti ya chini.

"Mahali pale pana wenyewe, mzee. Hata mimi nimeogopa."

Neno la mtu wa serikali likawa ushahidi. Watu wakaanza kuulizana jini la kijitoni ni la nani, na kidole kikaelekea kwa Yuliana, mama yake Kornelio, mjane aliyezoea kuzungumza peke yake akiwa kijitoni. Wakasema amemtoa kafara mke wa mwanawe. Wakaacha kumwitikia salamu, hakuna aliyempa moto wala chumvi, mwishowe wakamfukuza kijijini na kibunda chake kichwani, na Kornelio hakufungua kinywa. Habari hizo zilimfikia Gozbert mjini. Naye akanyamaza.

Ndipo maji yakaanza kunuka. Baada ya maji ikafuata sauti ya matone yanayodondoka chumbani mchana wa jua kali, juu ya sakafu kavu. Kisha Apolonia akaanza kukaa uani jua likiwa utosini, uso ameuelekeza Chamazi, hali chakula wala hajibu akiitwa. Katekista alikuja akasali, na alipokuwa akisali harufu ile ikazidi, ikatoka jikoni ikapita sebuleni ikaingia katika nguo na matandiko, mpaka Gozbert, aliyekuwa amepiga magoti kando ya mkewe, akahisi kana kwamba yeye ndiye aliye chini, na udongo unamwangukia usoni, na kila akifungua mdomo aseme amina, ulimi unagota kwenye mchanga.

Jirani mmoja akawaletea Bi Hija, mganga wa Vingunguti. Alifika alasiri na chetezo chake, akafukiza ubani, akamfunika Apolonia shuka jeupe. Apolonia alikuwa mtu wa Bukoba, na Kiswahili chake kilikuwa kizito cha bara. Sauti iliyotoka chini ya shuka ilikuwa ya pwani, ya taratibu, kama ya mtu aliyechoka.

Bi Hija alilikaribisha jini kwa adabu, akaliuliza linataka nini, mbuzi au kitambaa.

"Sitaki mbuzi," ilisema sauti. "Mie nimesingiziwa. Nimekaa pale kabla ya babu zao, sijagusa mtoto wa mtu. Huyu mwanamume kaua, kanitwisha mie."

Bi Hija akamgeukia Gozbert.

"Akaseme kwa watu," iliendelea. "Asiposema, namchukua huyu mkewe, ili uongo wake uwe kweli."

Kesho yake Gozbert alikwenda Chamazi. Mbele ya kijiji kizima alisema, kisha akawaongoza kijitoni, akalifukua shimo kwa mikono yake mpaka debe likaonekana. Hakuna aliyempiga. Kornelio alilichukua debe, akaifungua ile kanga polepole, akaanza kuikung'uta mchanga, akaikung'uta hata baada ya mchanga kwisha. Polisi waliandika maelezo. Vijana wakatumwa kumfuata Yuliana kwa ndugu zake huko Mbagala, na siku aliporudi, Gozbert alikuwapo akimngoja. Alipiga magoti akamwamkia shikamoo, akaomba msamaha.

Yule mama alitua kibunda chake. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Langu mie nimekusamehe. La Adelina si langu."

Apolonia alipona. Alikula, alicheka, wala hakukumbuka lolote. Gozbert, akingojea kesi yake, alijiambia kwamba amelipa.

Asubuhi moja Bi Hija alipita kumjulia hali mgonjwa wake. Alifika barazani, akasita, akavua viatu, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa. Gozbert akamkaribisha ndani. Hakuingia.

"Jini limerudi, Bi Hija?" Gozbert aliuliza kwa kunong'ona, mkewe asisikie.

"Jini limekwenda zake. Halina neno na wewe tena." Macho ya yule mganga yalikuwa hapo kizingitini, miguuni pa Gozbert, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Huyu aliyekaa hapa ni mtu, mwanamke aliyelowa maji. Na mie, baba, dawa ya mtu sina."