Aliyeitikia Namba Thelathini na Moja

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jumatatu asubuhi, mwalimu wa Kidato cha Pili B alifungua mlango wa darasa akapokewa na uvundo kama wa kitambaa cha kufutia meza kilichosahauliwa kibichi ndani ya ndoo wiki nzima. Wanafunzi walimwita Mama Rejista, maana mwanamke yule angeweza kusahau kunywa chai lakini si kuita mahudhurio. Akafungua madirisha, akawasema wavulana wa nyuma kuhusu soksi zao, akatoa kalamu.

Shule ile ya pembezoni mwa mji ilikuwa na utaratibu wake. Darasa lililotimia wiki nzima bila mtoro liliruhusiwa kwenda nyumbani Ijumaa saa sita mchana, na mwalimu wake pia. Sasa, binti wa namba thelathini na moja alikuwa amehama na wazazi wake tangu muhula uliopita bila barua ya uhamisho, na bila barua mkuu wa shule hakukubali namba ifutwe. Basi wenzake wakawa wanapokezana kumwitikia: leo huyu, kesho yule. Mama Rejista alijua, hakuwa kiziwi. Aliuchuna, akaweka alama ya vema, kwa sababu Ijumaa saa sita ni tamu kwa mwalimu vilevile.

"Thelathini na moja?"

Jumatatu ile kila mmoja alidhani zamu ni ya mwenzake. Kisha kutoka kwenye dawati tupu la ukutani, kando ya binti wa Mama Rejista mwenyewe, aliyeitwa Kidoti kwa ajili ya alama iliyokuwa shavuni mwake, likaja jibu.

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya mtu mwenye kohozi kooni ambaye hajalimeza wala hajalitema. Watoto wakacheka. Mkono wa Mama Rejista, uliozoea, ukaweka vema kabla kichwa hakijauliza kitu.

Baada ya kipindi Kidoti alimfuata mlangoni. Shuleni hakumwita mama.

"Mwalimu, lile dawati lina kitu," alinong'ona.

Mama Rejista akafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na ute wa kijivu, mzito, wenye nywele, na ulikuwa na joto, joto kama la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Akajifuta kidole kwenye sketi mara tatu na bado akauhisi. Kidoti naye alikuwa ameugusa.

Kufikia Jumatano Kidoti alikuwa amekaa peke yake. Wenzake walisogeza madawati hadi yakabanana dirishani. Nyumbani vikombe alivyonywea vilibaki na utando usiotoka kwa sabuni. Baba yake akahamishia sahani yake mwenyewe uani, akisema ndani kuna joto. Mtoto alioga asubuhi, mchana na jioni, akajisugua mpaka ngozi ikachubuka, na bado chozi lake lilikuwa likivutika kama uji uliolala, likining'inia kidevuni bila kudondoka. Na mama yake, tuseme ukweli maana hakuna cha kuficha hapa, alimwonea kinyaa. Alimwonea kinyaa mwanawe wa kumzaa, akawa anamsukumia chakula kwa ncha ya vidole, anapita mbali naye ukumbini, anabana pumzi akimsalimia, na kila alipobana pumzi ndivyo harufu ilivyozidi kunenepa ikajaa kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye mkate, hadi akatapika juu ya sinki na huku akitapika akasikia nyuma yake sauti mbili zikitoka kwenye kinywa kimoja, ya juu ya bintiye na ya chini yenye kohozi.

"Hata wewe unaziba pua, mama."

Alhamisi hakwenda kazini. Alikwenda kwa fundi cherehani aliyeshona sare karibu na geti la shule, mwanamke mkavu wa maneno, ambaye watu walimwendea kwa mambo wasiyoyasema hadharani. Akamweleza yote, hata zile alama za vema. Fundi hakuinua macho kwenye mshono.

"Mmeita kiti kitupu muhula mzima, na mmekiitikia. Kimepata mwenyewe. Hili ni jini la kinyaa, mwalimu. Halitaki damu wala ubani. Linashiba watu wakirudi nyuma."

"Mwanangu atapona?"

"Kwa hali hiyo hamalizi wiki. Alipokuwa mchanga, mafua yakimziba pua, ulikuwa unafanyaje?"

Mama Rejista akaelewa.

"Ulifyonza," fundi akasema. "Kila mama amefyonza. Kafyonze tena, bila kukunja uso. Likishajaa mdomoni, tema kwenye majivu ya moto. Usimeze hata tone. Na usiseme neno kabla hujatema, hata akikuita."

Adhuhuri ile aliandaa sufuria ya majivu, akafunga mlango, akampakata binti wa miaka kumi na tano kama mtoto wa wiki mbili. Hakukunja uso. Akaweka mdomo wake kwenye pua ile, akavuta. Kilikuja cha vuguvugu, cha chumvi na uozo, kikaja kwa kamba ndefu isiyokatika, na ndani ya kamba mlikuwa na nywele zilizomkwaruza ulimi, na ndani ya nywele mlikuwa na kitu kidogo kilichopapatika kikitafuta koo, naye akaendelea kuvuta, machozi yakimtoka, akikumbuka mtoto huyu alivyokuwa mwepesi siku ya kwanza, akavuta hadi mashavu yakamuuma na kamba ikakatika.

Kidoti akavuta pumzi. Safi, kavu. Chumba kikanuka sabuni tu. Mama Rejista akainamia sufuria.

"Mama?" Ilikuwa sauti moja, ya bintiye, ndogo kama ya miaka mitatu. "Mama, mbona husemi? Bado unanichukia?"

Majivu yalikuwa shibiri moja tu chini ya kidevu chake. Lakini mtoto akiuliza swali hilo, ni mama gani atakayemnyima jibu hata kwa kitambo cha kutema?

Akameza.

"Sikuchukii, mwanangu. Sijawahi."

Kidoti akatabasamu, akanyoosha mikono kumkumbatia mamaye. Kisha tabasamu likasita. Mikono ikashuka. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, mpaka mgongo ukagota ukutani, na kiganja chake kikapanda taratibu kufunika pua.

"Samahani, mama," akasema. "Kaa hukohuko."