Mfuko wa Ndani wa Koti la Papa Évariste

Kelele ilitoka ghorofa ya tatu, Jumanne, saa moja asubuhi. Candide aliitambua sauti kabla hajaijua shida yenyewe. Alizima cherehani, akavaa ndara, akapanda ngazi huku akigombana na magoti yake.

Papa Évariste alikuwa amesimama katikati ya sebule, koti lake jeusi mkononi, mfuko wa ndani ameufumua atoe pasipoti ya safari. Mezani, mahali ambapo ingekuwapo pasipoti, palikuwa na kipande cha boksi kilichokatwa kwa ukubwa uleule.

"Mama Candide," alisema, machozi yakimtiririka bila aibu, "nimekuwa nikibeba boksi kifuani. Sijui tangu lini."

"Yebabawe! Keti kwanza, Papa. Keti."

Jengo zima la pale Yeoville lilijua habari za mzee huyu. Alitoka Butembo, Kongo. Alikuwa mtumishi wa shirika la wakimbizi kwa miaka thelathini, akastaafu na pensheni yake nzuri. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2019 alikuja Johannesburg kwa viza ya matembezi, kumwona Masika, mtoto pekee aliyebaki katika uzao wake. Akaongezewa muda mara moja, kisha akaona hana haja ya kuishi kwingine. Akataka viza ile igeuzwe iwe ya wastaafu, azeekee kwa mwanawe. Ofisi ya viza ikamjibu kuwa viza ya wastaafu huombwa nyumbani, si hapa. Arudi Kongo, aombe, ndipo aje. Tiketi yake ilikuwa ya Alhamisi, na muda wake ulikuwa unakwisha Ijumaa. Akipitisha siku hiyo angefungiwa mlango wa nchi kwa miaka, naye alikuwa na sabini na minne. Hesabu hiyo hata mtoto angeifanya.

Sasa huyu Candide. Alikuwa Mrundi, mjane, fundi cherehani, mdomo wake mkali kuliko mkasi wake. Kitu kikipotea jengoni, watu walimwita yeye kabla ya polisi, maana polisi walikuwa wakiuliza karatasi kwanza na wizi baadaye. Ndiye aliyemfichua mwizi wa kinanda cha kanisa, akawa ni mpiga kinanda mwenyewe. Na mfuko huu ulimuuma zaidi, kwa sababu aliushona yeye. Papa Évariste aliogopa vibaka wa teksi za Hillbrow, akamwomba aifungie pasipoti ndani ya koti. Alishona mbele ya watu watatu tu: Masika, mumewe Hénock, na Lambert, wakala wa viza.

Akalivuta koti dirishani. Uzi alioushonea yeye ulikuwa wa kijivu. Huu uliofumuliwa asubuhi hii ulikuwa mweusi, mnene, unang'aa, na kila mchomo ulikuwa na fundo lake. Fundi wa nguo hashoni hivyo, ni kuharibu uzi bure. Kuna jambo lilimjia kichwani, akalifukuza kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Akakata kipande cha uzi, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Masika yuko wapi?"

"Ametoka alfajiri, yuko saluni," akajibu Papa Évariste. "Hata hajui."

Hénock ndiyo kwanza anaingia kutoka lindo la usiku, bado kavaa sare ya ulinzi. Candide hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Pasipoti ya baba mkwe wako imeibwa. Iko wapi?"

"Mama! Unaniuliza mimi?" Hénock alicheka kwa uchungu. "Tangu mzee aje nalala kwenye kochi hili, miguu inaning'inia nje. Samahani, Papa, nasema kweli. Nani anayeingoja Alhamisi kuliko mimi?"

Candide alikubali moyoni. Anayetaka mgeni aende hamfichii viatu.

"Koti hukaa wapi?"

"Msumarini, nyuma ya mlango. Huenda kanisani tu. Lilitoka siku nyingine mara moja, wiki iliyopita umeme ulipokatika, likaenda kupigwa pasi."

"Wapi?"

"Sijui, Mama. Nilikuwa kazini."

Basi akabaki Lambert, na Candide alimtaka awe Lambert. Alimtaka kwa moyo wote. Saa nne alishuka teksi Hillbrow, akavuka kwenye robot, taa za barabarani, bila kungoja ya kijani, akapanda hadi kile chumba ambacho Lambert alikiita ofisi.

"Mama Candide! Umekuja kutaka viza au vita?"

"Ulimwahidi Papa Évariste utamgeuzia viza hapahapa. Ulimdanganya. Sasa anaondoka, ukaogopa atakutangaza, ukaiba pasipoti."

Lambert aliacha kutabasamu. "Imeibwa?"

"Usinifanye mjinga."

"Mama, nisikilize. Niliahidi, ndiyo, na nilijaribu. Ofisi ikakataa, nikamrudishia kitabu chake mbele yako, ukakishona wewe. Tangu hapo sijakanyaga kwenu. Na mimi nanufaika nini? Akienda akapata viza, nitajisifu kuwa ni mteja wangu. Akikwama hapa, Yeoville nzima itanitemea mate. Mimi ni mwongo, sawa, ni kazi yangu. Lakini sijapata kummeza mtu."

Uongo wake Candide aliujua, ulikuwa na mapambo mengi. Haya yalikuwa maneno makavu. Akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Asipopata pasipoti mpaka Ijumaa?"

"Kitabu kipya kinatoka Kinshasa, ni miezi. Ijumaa ikipita, jina lake linaingia kwenye orodha ya wasiotakiwa nchini. Akikaa mpaka kitabu kije, watamfungia miaka mitano."

"Hata kama ameibiwa?"

Lambert alikuna shavu. "Hapo pana tundu, dogo la sindano. Ofisi imechoka na pasipoti zinazopotea viza ikikaribia kwisha. Wanajua watu wetu huzitupa wenyewe. Ukisema imepotea, hawakusikilizi. Wanataka kesi polisi na mwizi mwenye jina. Mlete mwizi, Mama, na mzee atapona."

Hayo ndiyo aliyoondoka nayo. Amlete mwizi. Njia nzima alikuwa akikishika kile kifundo cha kitenge, na kila alipokishika alitamani teksi iharibike.

Saluni ilikuwa imejaa harufu ya mafuta na nywele. Masika alikuwa akimshonea mteja nywele za kubandika, sindano ya kupinda ikizama na kuibuka. Uzi mweusi, mnene, unang'aa. Kila mchomo, fundo. Kila mchomo, fundo. Candide alikaa kwenye benchi akangoja mpaka mteja akajitazama kwenye kioo, akasema sharp kwa kuridhika, akaenda zake.

Kisha akafungua pindo la kitenge, akauweka ule uzi juu ya meza ya vitana.

Masika aliutazama. Hakuuliza ni nini.

"Koti ulilipigia pasi hapa," Candide alisema. "Umeme ulipokatika kule."

"Jumamosi."

"Pasipoti iko wapi, mwanangu? Nipe. Niambie tu iko wapi, nami sitauliza zaidi."

Masika aligeuza macho kuelekea uani, kwenye debe jeusi kwa masizi. "Nywele za wateja hatutupi, Mama, unajua. Mtu anaweza kuziokota akazifanyia ubaya. Jioni tunafagia tunachoma. Niliichoma pamoja nazo."

Candide alijishika kiuno kama mtu aliyepigwa. "Kwa nini?"

"Alisema atapitia Butembo!" Sauti ya Masika ilipasuka. "Achukue cheti cha polisi cha kuombea viza, aone kaburi la Maman. Butembo, Mama! Ugonjwa ule wa kutoka damu unamaliza watu, na ambao ugonjwa umewaacha wanakatwa mapanga njia ya Beni. Nimezika kwa simu mara tatu. Ya nne siwezi."

"Kwa hiyo ukamchomea pasipoti?"

"Mimi nilipofika mpakani, wenye pasipoti waligeuzwa. Mimi yangu niliitupa mtoni, nikasema sina kitu, nikapewa karatasi ya ukimbizi. Sote tumeingia hivyo. Nikajua Papa akikosa kitabu, hawatajua wamrudishe wapi. Watampa karatasi kama yangu."

Maneno hayo kila mkimbizi wa mtaa ule aliyajua kama Baba Yetu, na Candide mwenyewe aliingia kwayo.

"Wewe ulikuwa hujulikani hapa," alisema taratibu. "Yeye alishuka kwenye ndege na jina lake, picha yake, vidole vyake. Wanajua hata alikozaliwa. Na pensheni je? Kila mwaka lazima aonyeshe kuwa yu hai, kwa pasipoti. Hukumfungia huku, Masika. Umemfungia nje ya kila kitu."

Masika alikaa chini, juu ya nywele. Alipoelezwa aliyoyasema Lambert, alisimama haraka.

"Basi nipeleke polisi. Sasa hivi."

"Na karatasi yako?"

"Wataichukua. Watanirudisha Kongo. Lakini Papa atapona."

Saa kumi na mbili jioni walikuwa wote sebuleni. Masika alipiga magoti mbele ya baba yake akasema yote, bila kujitetea. Hénock aligeukia ukuta. Papa Évariste alilikunja koti mapajani.

"Ilichelewa kuungua?"

"Jalada ndilo lilichelewa, Papa."

Mzee alitikisa kichwa. "Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanifichia kiatu kimoja nisitoke jioni. Nilikuwa nachelewa, lakini nilikipata kila mara."

"Papa Évariste," Candide akaingilia, "bado pana njia. Kesho asubuhi tuandikishe kesi. Lakini polisi watataka jina."

"Jina la nani?"

Candide akamtazama Masika pale magotini.

"Mama Candide, hujampata mwizi."

"Papa, ukikaa utakuwa mfungwa humu ndani. Hata kanisani utaenda ukitazama nyuma. Pensheni itakatika."

"Najua. Miaka thelathini niliwaandikisha wakimbizi kwa mkono huu. Nilikuwa nikirudi nyumbani, wao wanabaki." Akamwekea Masika kiganja kichwani. "Nikimtaja, watamrudisha kulekule anakoniogopea. Hujampata mwizi."

Nje, korido ilikuwa imejaa majirani, maana hakuna aliyetaka kupitwa na siku ya Mama Candide kumtaja mwizi. Alipotoka walimzunguka.

"Ni nani, Mama?"

"Safari hii nimeshindwa," alisema.

"Eish! Mama Candide amezeeka," mmoja akatania, wakacheka, wakatawanyika kwenda kupika. Aibu hiyo aliibeba, ilikuwa nyepesi kuliko kingine alichobeba.

Alhamisi ndege iliondoka. Ijumaa jioni Papa Évariste alishuka kwa Candide amevaa tai, koti mkononi, na kile kipande cha boksi.

"Kirudishe mfukoni, Mama. Nimezoea kukigusa asubuhi."

Candide aliufumua uzi mweusi uliobaki, akakipachika kipande cha boksi mahali pake. Machozi yalikuwa yanamwanguka juu ya koti, wala hakuyaficha. Akatafuta uzi wa kijivu, akaanza kushona.